Meno ya Kaseti



Nimezoea kukuandikia juu ya bajeti, Katiba na mikopo ya elimu ya juu. Leo naomba ruhusa yako nizungumzie mchezo wa runinga, tena mchezo wa kitoto wa ndege za kivita zinazopigana kati ya sayari na sayari. Siasa hazijanichosha kiasi cha kukimbilia angani. Ila mchezo huo umenirudisha kwenye swali lililoulizwa darasani, mjini Mbeya, karibu miaka thelathini iliyopita. Swali hilo lilinyimwa jibu, na mimi nilikuwepo.

Habari ilianza Desemba iliyopita, nyumbani kwangu Iringa. Mpwa wangu anayesoma ughaibuni alikuja kutusalimu, akamletea binti yangu zawadi: kijimashine cha kijivu kinachoenea kiganjani. Ni toleo dogo la mashine ya Super Nintendo, lililotolewa mwaka 2017 kwa ajili ya watu wazima wanaotamani utoto wao. Ndani yake mna michezo 21. Binti yangu, mwenye miaka kumi na miwili, aliipitia orodha kwa haraka akaja kusimama kwenye picha ya mbweha aliyevaa kirubani. Jina lilisomeka Star Fox. Nilisogeza kiti. Mbweha yule nilimfahamu tangu zamani, kwa jina jingine.

Nilimwona kwanza mwaka 1996 nikiwa kidato cha pili. Rafiki yangu aliishi Mwanjelwa, na baba yake alikuwa dereva wa malori yaendayo Lusaka. Kutoka safari mojawapo mzee alirudi kupitia Tunduma na runinga iliyokwisha kutumika, mashine ya gemu na kaseti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mpira wa miguu. Ya pili iliandikwa Starwing, jina ambalo mchezo huo uliuzwa nalo Ulaya. Sisi hatukujua kwamba kwingineko una jina tofauti. Tulijua tu kwamba kabla ya kuuwasha ilitubidi tumchotee mama mwenye nyumba maji, ndoo nne kila mmoja, kisha tukae chini tumejifunika blanketi moja, maana baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita haina urafiki na mtu.

Nikueleze mchezo wenyewe. Unarusha ndege iitwayo Arwing, iliyoundwa kwa pembetatu chache za kijivu na bluu. Majengo ni maboksi. Milima ni piramidi. Adui hana uso wala vumbi wala kutu. Ni vipande bapa vyenye pembe vilivyounganishwa, vinavyokujia kutoka mbali vikikua kadiri vinavyokaribia. Wataalamu huviita poligoni. Una wenzako watatu: ndege, sungura na chura. Sungura na chura tulikuwa tumewajua tangu hadithi za bibi, ila humu sungura si mjanja wa kuiba karanga, ni mzee mwenye busara anayekuonya. Sauti zao zilikuwa mibwabwajo isiyo Kiingereza wala Kijapani wala Kiswahili, nasi tuliiga mibwabwajo ile tukielekea shuleni.

Mchezo ule haukuwa na namna ya kuhifadhi ulipofikia. Ukizima, unaanza upya. Na umeme wa Mbeya ulizimika ulivyotaka. Tulifika mbele ya adui mkuu mara nyingi, taa zikafa, tukabaki gizani tukilisikia jenereta la duka la jirani likikohoa. Rafiki yangu hakukasirika kamwe. Kwenye ramani kulikuwa na njia tatu, nyepesi, ya wastani na ngumu, naye kila mara alichagua ngumu.

Ni yeye aliyeona meno. Siku moja, wakati wa giza lile, alizichukua kaseti zote mbili akazipeleka dirishani, akazigeuza upande unaoingia kwenye mashine. Kaseti ya mpira ilikuwa na safu moja ya vijino vya shaba katikati. Kaseti ya Starwing ilikuwa na safu hiyo hiyo, kisha vijino vingine vya ziada huku na huku, pembeni. Aliitazama kimya. Kisha akasema, “Hii inaongea na mashine kwa midomo mitatu. Kwa nini?”

Jumatatu yake aliitia kaseti kwenye mkoba wa madaftari akaenda nayo shuleni. Tulikuwa na kipindi cha fizikia, mada ya umeme. Mwalimu alipouliza kama kuna swali, rafiki yangu alinyoosha mkono, akainua kaseti, akauliza kwa Kiswahili: kwa nini hii ina meno mengi kuliko nyingine, na meno ya ziada yanabeba nini? Aliambiwa arudie kwa Kiingereza. Alikuwa na swali la kweli la fizikia, lakini hakuwa na maneno ya Kiingereza ya kulibeba. Alisimama. Darasa lilicheka. Kaseti ilichukuliwa kwa maelezo kwamba michezo ni ya watoto wasio na kazi, ikarudishwa mwisho wa muhula.

Simlaumu sana mwalimu yule. Naamini hakulijua jibu, wala hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mwalimu anaruhusiwa kusema “sijui, tutafute pamoja”. Waliosema kuuliza si ujinga hawakuwa wakizungumzia madarasa yetu.

Jibu lenyewe nimelisoma ukubwani, na kila nikilifikiria linanitia uchungu wa aina yake.

Mashine ya Super Nintendo iliundwa kwa ajili ya picha bapa: wanasesere wanaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Haikuwa na nguvu ya kukokotoa maumbo yenye kina kwa kasi inayotosha. Jijini London kulikuwa na kampuni changa iliyoitwa Argonaut Software, iliyoanzishwa na Jez San akiwa bado kijana wa umri wa shule. Vijana wake walikuwa wamefaulu kufanya kifaa kidogo cha mkononi cha Nintendo kionyeshe maumbo ya kina, na njiani walikuwa wameikwepa kinga ambayo Nintendo iliweka kuwazuia watu wa aina yao. Nintendo haikuwafukuza. Iliwaita Kyoto. Wawili kati yao, Dylan Cuthbert na Giles Goddard, walikaa huko wakitengeneza mchezo pamoja na Shigeru Miyamoto na wenzake, wakiwa na umri wa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza na wa pili.

Na kwa kuwa mashine zilikwisha kuuzwa kwa mamilioni na hakuna ambaye angezirudisha kiwandani, Argonaut walibuni chipu ya pili, Super FX, wakaiweka ndani ya kaseti yenyewe. Ukiichomeka kaseti, umeichomekea mashine akili ya ziada. Chipu ile ilikokotoa kila pembe ya kila pembetatu, ikaichora picha, ikaikabidhi mashine. Meno ya pembeni yalikuwa sehemu ya njia ya mazungumzo hayo. Rafiki yangu, kwa macho matupu na mwanga wa dirisha, alikuwa ameona mahali hasa ambapo siri ya mchezo ule ilipo.

Zaidi ya hapo, hesabu zenyewe hazikuwa ngeni. Tulipofika kidato cha nne tulifundishwa matriksi: namna ya kuzungusha, kuakisi na kukuza pembetatu kwenye karatasi ya grafu. Tulikariri. Hakuna aliyetuambia kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikitendeka kila ndege yetu ilipoinama kupita chini ya daraja. Mimi nilikariri vizuri nikaenda kidato cha tano. Rafiki yangu alipata daraja la nne, akabaki Mwanjelwa.

Star Fox ilianza kuuzwa Japani Februari 1993. Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha runinga. Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri hadi ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Vijana wetu wengi hawajui kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, na kwamba marufuku hiyo haikulegezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliopitisha uamuzi huo hawakuwa wajinga. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na jaribio la kuendesha hesabu za Hazina kwa kompyuta lilikuwa limeleta hasara na fadhaa. Ni haki ya nchi maskini kukataa chombo kinachoila bila kuilisha.

Lakini walichokosea, kwa maoni yangu, ni kuona chombo peke yake na kutomwona mtu. Hasara ya Hazina ilihitaji watu wanaokielewa chombo. Marufuku ilihakikisha kwamba watu hao hawatapatikana. Mwaka 2003 tulipata Sera ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA, na leo kila afisa ana kompyuta mezani. Marufuku ya kwenye karatasi imekufa. Iliyobaki ni ile iliyojijenga katika tabia zetu: chombo tusichokielewa tunakikamata hadi mwisho wa muhula, na anayeuliza juu yake tunamrudisha kwenye mtaala.

Nirudi sebuleni Iringa. Nikiri kwamba mchezo umezeeka. Unakwenda kwa kushtukashtuka, kwa picha pungufu kwa sekunde kuliko filamu ya kawaida, na ndege wanapokuwa wengi mashine huonekana kama mzee anayepanda mlima wa Ipogolo kwa miguu. Nilidhani binti yangu ataucheka. Hakucheka. Aliinama kushoto ndege ilipoinama kushoto, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Alipopita katikati ya majengo marefu ya sayari ya kwanza alisema, “Baba, kama Isimila.”

Wasiofika Iringa niwaambie: Isimila ni bonde lililoko kandokando ya barabara iendayo Mbeya, kiasi cha kilomita ishirini kutoka mjini, ambamo mmomonyoko umechonga nguzo ndefu za udongo na mawe, na ambamo zimepatikana zana za mawe za binadamu wa kale. Nilimweleza binti yangu kwamba Miyamoto naye alichota kwa jirani. Karibu na kazini kwake kuna hekalu la Fushimi Inari, lenye sanamu za mbweha na malango mekundu yaliyopangwa kwa safu ndefu. Ndiyo maana shujaa ni mbweha, na ndiyo maana ndege hupita ndani ya malango. Alifikiri kidogo. “Basi yeye aliweka kwao,” alisema. “Ya kwetu ataweka nani?”

Alipomaliza sayari ile ya kwanza, mashine ilifungua mchezo mwingine uliokuwa umefungiwa: Star Fox 2. Huo una kisa chake. Ulikamilishwa katikati ya miaka ya 1990 na timu iyo hiyo, lakini wakubwa wakaona mashine mpya zinakuja na maumbo bora zaidi, wakauweka kabatini. Ulikaa humo zaidi ya miaka ishirini, hadi 2017. Argonaut yenyewe ilifunga milango mwaka 2004, haikuuona ukitoka. Nasema haya ili mtu asidhani nawasifu Wajapani kama malaika. Hata aliyefunguliwa mlango anaweza kufungiwa kazi yake.

Januari nilikwenda Mbeya kwa msiba. Baada ya matanga nilipita Mwanjelwa kumtafuta rafiki yangu. Ana kibanda cha kutengeneza simu, meza moja, kikuza-macho, na vijana wawili wanaojifunza kwake. Tulisalimiana kwa kelele.

“Karibu, dokta! Umeleta simu au umeleta mitihani?”

Nilimwambia nimeleta jibu. Nikamweleza yote: chipu ya pili, London, Kyoto, meno ya pembeni. Alinisikiliza huku akiendelea kulehemu. Nilipomaliza, aliweka chombo chini, akafungua mtoto wa meza, akatoa kaseti ya Starwing. Mashine ilikufa zamani. Kaseti alikuwa ameitunza. Skrubu zake ni za aina ambayo bisibisi zetu hazikuweza, hivyo mwaka ule ule wa 1996, likizo ya Desemba, aliyeyusha ncha ya kalamu ya plastiki, akaikandamiza juu ya skrubu hadi ikachukua umbo lake, akaifungulia kaseti. Alinionyesha ndani. Chipu ilikuwa pale, kubwa, ya mraba, yenye miguu mingi kama jongoo.

“Nilijua kuna fundi mwingine mle ndani,” alisema. “Sikujua tu anaitwaje.”

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tulipofungua shule. Alicheka kwa upole.

“Ningekuambia vipi, kaka? Na wewe ulicheka.”

Ni kweli. Hapo juu nimeandika kwamba darasa lilicheka, kana kwamba darasa ni watu wengine. Nilicheka nami.

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni safari ya kutwa kama basi halina haraka: Uyole, Chimala, Makambako, Mafinga. Nilikaa dirishani. Jioni, tulipokuwa tukipita njia panda ya Isimila, nililikumbuka kabati la chuma lililoko ofisini kwangu. Mimi nafundisha watu watakaokuwa walimu. Kila mwaka wahitimu huandika ripoti za miradi. Tunazisoma, tunatoa alama, tunazipanga kabatini. Hakuna anayezifungua tena isipokuwa mchwa.

Kesho yake asubuhi nililifungua. Niliyoitafuta niliipata rafu ya tatu. Ilikuwa ya mwanafunzi wa kike aliyesomea ualimu wa hisabati, kama miaka minne iliyopita. Alipendekeza kufundisha matriksi kidato cha nne kwa programu ndogo ya simu aliyoiandika mwenyewe, ambamo mwanafunzi anabadilisha namba na kuliona umbo la jongoo wa pembetatu likigeuka, likikua, likijipindua. Aliambatisha hata maelezo kwa Kiswahili kwa wale ambao Kiingereza kingewazuia. Pembeni, kwa wino mwekundu na mwandiko wangu, palikuwa na maneno matatu: “Nje ya mada.” Nilimpa C.

Nilikaa na ripoti ile kwa muda. Kisha nilitafuta namba yake nikampigia. Sasa ni mwalimu katika sekondari moja ya kata, mbali na mjini. Alidhani napiga kuhusu cheti chake. Nilimwambia napiga kumwomba radhi: nilikosea, mradi wake ulikuwa mzuri, tena ulikuwa ndani ya mada kuliko somo langu. Simu ilikuwa kimya kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Kisha aliuliza, kwa sauti ya chini na ya adabu:

“Kwa hiyo, dokta, naruhusiwa kuitumia?”

Miaka minne alikuwa ameisubiri ruhusa ambayo hakuna sheria inayoidai. Programu alikuwa nayo kwenye simu yake. Wanafunzi alikuwa nao mbele yake. Kilichomzuia ni maneno matatu ya wino mwekundu, yaliyoandikwa na mtu aliyewahi kukaa darasani akashuhudia swali likiuawa.

Wewe mtumishi wa umma unayesoma hapa, huenda mezani pako lipo jalada la kijana mwenye pendekezo usilolielewa. Mpigie, mwambie hulielewi, akueleze. Wewe mwanaharakati, tunapopigania madarasa na madawati, tupiganie pia haki ya mtoto kuuliza kwa lugha anayoiwaza. Wewe mwanafunzi, sitakuambia uwe na ujasiri, maana ujasiri usiwe karo ya kuingilia darasani. Nakuambia tu kwamba ukija ofisini kwangu na kaseti, nitaigeuza upande wa meno tuitazame wote wawili, na nisipojua nitasema sijui.

Alama ya C siwezi kuibadilisha. Kanuni za mitihani haziruhusu. Lakini ripoti haijarudi kabatini. Nimemwomba mwenyewe aje muhula ujao azungumze na darasa langu, kwa lugha atakayoichagua. Rafiki yangu wa Mwanjelwa naye amekubali kuja, kwa sharti kwamba nauli nilipe mimi na kaseti aibebe yeye.

Binti yangu amefika njia ya tatu, ile ngumu. Juzi umeme ulikatika akiwa mbele ya adui mkuu. Alinyamaza kidogo gizani, kisha akaniuliza jongoo wa pembetatu anahitaji pembetatu ngapi. Nimempa namba ya mwalimu yule.